Je, Wajua? Vitufe vya Laptopu, Vumbi la Garsen na Herufi A

Je, wajua kwamba ugomvi mzima wa watu kuhusu kibodi za laptopu uko ndani ya milimita chache tu? Kitufe cha kibodi ya kompyuta ya mezani ya zamani kilikuwa kikishuka karibu milimita 4. Vitufe vya laptopu nyingi za leo hushuka kati ya milimita 1 na 2. Mama aliyefundishwa kuchapa kwenye taipureta huhisi kana kwamba anagonga meza, na kijana aliyezoea kuandika kwenye kioo cha simu huona kitufe kirefu kinamchelewesha. Hakuna anayedanganya kati yao. Vidole hufuata mazoea.

Utamu wa kitufe, basi, kila mtu na wake. Uimara ni jambo lingine, na kwa sisi wa Tana River ndilo lililo zito, kwa sababu laptopu ikiharibika Garsen, mara nyingi kipuri hutafutwa Malindi, zaidi ya kilomita 100, na kikikosekana huko huagizwa Mombasa au Nairobi.

Je, wajua kilichoko chini ya herufi? Chukua laptopu kuukuu, ingiza ukucha pembeni mwa kitufe na ukiinue taratibu. Chini yake kuna vijipande viwili vya plastiki vilivyopishana, ambavyo mafundi huviita mkasi. Kazi yao ni kukifanya kitufe kishuke sawasawa hata kikibonyezwa pembeni. Katikati pana kikombe kidogo cha mpira laini kilichofudikizwa. Kikombe hicho ndicho kinachokirudisha kitufe juu, na ule mguso unaousikia kidoleni, wa kitu kukataa kidogo kisha kukubali, unatoka hapo. Chini zaidi zimelazwa karatasi tatu nyembamba za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati imetobolewa matundu. Ukibonyeza, ya juu hubonyea ikagusana na ya chini kupitia tundu, na herufi ikatokea kwenye skrini. Mpira ukikauka au mkasi ukikatika sikio moja, kitufe hulegea, lakini karatasi za chini huweza kuwa nzima kabisa. Ndiyo maana fundi mzuri huinua kofia ya kitufe kwanza kabla ya kukwambia kibodi imekufa.

Je, wajua kwamba herufi moja peke yake hubeba karibu sehemu moja ya tano ya Kiswahili chote unachochapa? Ni A. Hesabu mwenyewe herufi za sentensi yoyote ndefu katika ukurasa huu. Na katika mpangilio wa QWERTY, ambao Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliuanzisha na kampuni ya Remington ikauuza kuanzia mwaka 1874, A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote kwa watu wengi. Sholes alikuwa akiwafikiria waandishi wa Kiingereza. Sisi tuliurithi mpangilio ulivyo.

Sasa piga hesabu ya uchakavu. Kwa kitufe cha utando wa plastiki, yaani zile karatasi tatu, idadi inayotajwa sana na watengenezaji ni mibonyezo kati ya milioni 5 na 10. Chukua karani anayechapa kurasa 20 kwa siku, kila ukurasa herufi 2,000. Hiyo ni mibonyezo 40,000, na 8,000 kati yake yaenda kwa A. Kwa siku 250 za kazi kwa mwaka, A inafikia milioni 10 katika mwaka wa 5, wakati Q na X hazijaanza hata kupauka. Kwa hiyo ukienda kununua laptopu ya mtumba, usiangalie kibodi yote kwa jumla. Itazame A, kisha kitufe kirefu cha nafasi. Vitufe hivyo vinasema umri wa mashine vizuri kuliko anavyosema muuzaji.

Q na X hazina kazi katika Kiswahili sanifu, lakini si katika lugha zote za kaunti hii. Kiorma ni cha jamii ya Kioromo, na hati ya Qubee iliyorasimishwa Ethiopia mwaka 1991 huzitumia zote mbili kila mara. Anayeandika kwa hati hiyo huvipa kazi vitufe ambavyo jirani yake Mpokomo anayechapa Kiswahili havigusi.

Je, wajua kwamba Mswahili wa Goma au Bukavu hana A mahali pako? Huko, kwa urithi wa Kibelgiji na Kifaransa, kibodi nyingi ni za AZERTY. A hukaa juu kushoto pale ambapo yako ina Q, na ili kuandika tarakimu ni lazima ashikilie Shift.

Je, wajua kwa nini @ hukataa kutokea kwenye laptopu ya Ex-UK? Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kenya, za Moi Avenue kule Nairobi na hata zinazofika mashambani, zilitumika kwanza katika ofisi za Uingereza. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na @ ipo karibu na Enter. Ya Marekani ina @ juu ya 2. Fundi akiweka Windows kisha akaacha lugha ya kibodi kuwa ya Marekani, ukibonyeza kitufe chenye picha ya @ zinatokea alama za kunukuu. Nimewaona watu waliokuja saiba kufungua akaunti ya eCitizen au kujaza iTax wakikibonyeza kitufe hicho kwa nguvu, tena na tena, wakiamini kimeharibika. Kitufe ni kizima. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, chagua kibodi ya Uingereza, kazi imekwisha. Na katika kibodi hiyo ya Uingereza, @ imekaa kitufe kimoja na kile kijialama cha neno ng'ombe. Hebu fikiria jinsi kinavyotumika katika kaunti ya wafugaji, penye barua za chanjo, vibali vya kusafirisha mifugo na orodha za mnada.

Je, wajua kwamba kampuni tajiri kuliko nyingi duniani ilishindwa na vumbi? Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12 yenye vitufe vilivyoitwa vya kipepeo, vifupi mno, ili mashine iwe nyembamba. Mwaka uliofuata vikaingia kwenye MacBook Pro. Waliovipenda walisifu uthabiti wake, kwamba kitufe hakiyumbi. Waliovichukia walisema vina kelele na vinaumiza ncha za vidole. Kisha chembe za vumbi zikaanza kuamua mjadala. Nafasi chini ya kitufe ilikuwa ndogo kiasi kwamba punje moja ilitosha kukizuia kisishuke, au kukifanya kirudie herufi mara mbili. Apple yenyewe ilitoa maelekezo kwamba mwenye laptopu aishike kwa mwinamo wa digrii 75 na kuipuliza kwa hewa ya kopo. Juni 2018 ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, Novemba 2019 ikaanza kurudi kwenye vitufe vya mkasi, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa Marekani.

Hayo yaliwapata watu wenye ofisi za viyoyozi. Sasa ilete mashine hiyo Garsen mwezi wa Februari, udongo mweusi wa delta umekauka ukapasuka, malori ya barabara ya Malindi na Garissa yanapita, na dirisha lazima liwe wazi kwa sababu ya joto. Naamini kabisa kwamba wembamba wa laptopu ni anasa inayolipwa na kibodi, na mtu wa hapa hana sababu ya kuilipa.

Vumbi likiingia, usipulize kwa mdomo. Pumzi hubeba mate, na mate hugeuza vumbi kuwa tope.

Je, wajua kwamba maji matupu ni afadhali kuliko chai? Maji safi yakimwagika, ukazima mara moja, ukachomoa chaja, ukaigeuza laptopu kifudifudi ikachuruzika na kukauka vizuri, waweza kuponea. Chai ya maziwa yenye sukari hukauka ikaacha gundi chini ya vile vikombe vya mpira, na njia za umeme huanza kuliwa polepole, hata wiki kadhaa baadaye. Sukari pia huita sisimizi. Laptopu nyingi za ThinkPad zina matundu chini ya kibodi ya kupitisha maji yanayomwagika, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuziheshimu.

Na mchele? Delta ya Tana inalima mpunga, kwa hiyo ushauri wa kufukia kifaa ndani ya gunia husikika upesi. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wenye iPhone wasifanye hivyo, kwa kuwa chembe ndogo za mchele zaweza kuingia na kuharibu kifaa. Kwa kibodi yenye nafasi wazi kila upande wa kitufe, hatari hiyo ni dhahiri zaidi.

Kipini, pale mto unapoingia baharini, adui ni hewa ya chumvi. Hula viunganishi vya chuma hata laptopu ikiwa haijatumika.

Je, wajua kwa nini vitufe visivyokaa pamoja hufa pamoja? Kompyuta haina waya mmoja kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa kwa safu na mistari ya umeme, na kila kimoja hutambulika pale safu na mstari vinapokutana. Njia moja ikikatika au ikaliwa na kutu, vitufe vyote vilivyo juu yake hunyamaza siku moja, hata kama vimetawanyika kote. Ukiona hivyo, usihangaike kusafisha kimoja kimoja. Kwanza fundi achomoe ule utepe bapa unaounganisha kibodi na mashine, aufute kwa spiriti, aurudishe. Mara nyingine ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Je, wajua kwamba mwaka 2012 Lenovo iliwagawanya wapenzi wake kwa kibodi? ThinkPad ilianza chini ya IBM mwaka 1992, na kitengo hicho kikauzwa kwa Lenovo mwaka 2005. Kwa miaka yote hiyo ilijulikana kwa kibodi ya safu 7, vitufe vimebonyea katikati kidogo kupokea ncha ya kidole. Modeli za T430 na X230 zikaja na safu 6 na vitufe vilivyotengana. Kelele ilikuwa kubwa. Wengine wakaja kukiri baadaye kwamba mpya inachapa vizuri vilevile, na wengine hawajasamehe hadi leo. Lenovo ilipoadhimisha miaka 25 ya ThinkPad mwaka 2017, ilitoa modeli maalumu yenye safu 7 za zamani. IBM nayo ilikuwa imeonja uchungu huo mapema: kompyuta yake ya PCjr iliyotangazwa mwaka 1983 ilikuwa na vitufe vilivyokataliwa na wanunuzi, na mwaka 1984 ikawapa kibodi nyingine bure.

Lakini sifa kubwa ya ThinkPad za kizazi cha T430 na X230, kwangu mimi, haiko kwenye vidole. Iko chini ya mashine. Ukifungua skrubu chache tu, kibodi yote inatoka na nyingine inaingia, kazi ya dakika. Laptopu nyingi nyembamba za leo kibodi yake imebanwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa, kwa hiyo fundi hulazimika kung'oa kila kitu, ubao mkuu, betri na feni, ndipo aifikie. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 2023 yalipofunika barabara ya Garsen kwenda Lamu, aliyekuwa na kibodi ya akiba kabatini na bisibisi mkononi aliendelea na kazi yake.

Je, wajua kwamba kuna laptopu iliyotengenezwa makusudi kwa vumbi na mvua? Ni XO ya mradi wa One Laptop per Child, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007. Kibodi yake ilikuwa kipande kimoja cha mpira kisicho na upenyo. Rwanda ilipata zaidi ya 200,000. Maji na mchanga havikuingia, lakini vitufe vilikuwa vidogo, vya vidole vya mtoto, na mpira ulifanya uchapaji uwe wa polepole. Kwetu, ahadi ya laptopu za darasa la kwanza ya mwaka 2013 iligeuka mwaka 2016 kuwa tabuleti kwa wanafunzi na laptopu kwa walimu. Sensa ya 2019 nayo ilifanywa kwa tabuleti: wakazi 315,943 wa Tana River walihesabiwa bila hata kitufe kimoja cha plastiki kubonyezwa mlangoni mwao.

Unapojaribu laptopu dukani, fungua ukurasa mtupu na uandike sentensi ndefu ya Kiswahili kwa kasi yako ya kawaida. Shikilia A sekunde kadhaa, uiachie, uone kama inakoma papo hapo. Bonyeza kitufe cha nafasi kwenye ncha zote mbili. Kisha muulize muuzaji swali moja: kibodi ya modeli hii inatolewa kwa skrubu ama imechomelewa?

Na kama kibodi ya ndani imekwisha na fedha za kuibadilisha hazijapatikana, kibodi ya nje ya USB hufanya kazi papo hapo bila kuweka programu yoyote. Hiyohiyo, kwa kiunganishi kidogo cha OTG, huandika hata kwenye simu nyingi za Android.