Anza na Rejeta, Bodi Itafuata

Akiona gari la kifahari katika sinema ya zamani, mtazamaji hukimbilia bodi: boneti ndefu, madigadi yaliyojipinda, rangi mbili. Huko ndiko wengi wanakopotelea. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rolls-Royce na wenzao wa daraja hilo kwa kawaida hawakuuza gari zima. Waliuza chesisi yenye injini na rejeta, kisha bodi ikaundwa na mafundi aliowataka mnunuzi, kama Barker na Hooper wa London au Castagna wa Milan. Ndiyo maana Rolls-Royce mbili za mwaka mmoja zinaweza zisifanane hata mlango, ilhali Rolls-Royce na Daimler zilizopita mikononi mwa Hooper zikashabihiana kama ndugu.

Basi simamisha picha, utafute kilichotoka kiwandani. Rejeta ya Rolls-Royce ina pembe kali, na juu yake, tangu 1911, mara nyingi yupo mwanamke aliyeinamia mbele, vazi likipepea nyuma. Ya Bugatti ina umbo la kiatu cha farasi. Hispano-Suiza hubeba korongo anayeruka. Packard utaijua hata kwenye sinema isiyo na rangi kwa alama ya pembe sita katikati ya vifuniko vya magurudumu: wekundu wake umepotea, umbo limebaki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 1964, mwaka zilipotoka sinema za Goldfinger na The Yellow Rolls-Royce. Magari ya sinema hizo yote mawili ni Rolls-Royce ya njano na nyeusi, bodi zote ni za Barker, na yote yana paa la dereva linaloweza kufunguliwa huku abiria wa nyuma wakibaki wamefunikwa. Jicho la haraka litasema ni gari lile lile. Subiri lipite ubavu. Lile la The Yellow Rolls-Royce ni Phantom II ya 1931, na rejeta yake imekaa karibu na usawa wa ekseli ya mbele. La Goldfinger ni Phantom III ya 1937. Rejeta imesogea mbele ikaipita ekseli. Sababu iko chini ya boneti. Phantom II ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Phantom III ina silinda 12 zenye mpangilio wa V, injini fupi zaidi, na magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja kivyake. Wahandisi wakapata nafasi ya kuisogeza injini mbele.

Jihadhari na magari yaliyoundwa makusudi kwa ajili ya kamera. Lile la Topper (1937) ni Buick ya 1936 iliyovikwa bodi mpya na Bohman & Schwartz wa California. Kwa gari kama hilo picha peke yake haitoshi. Tafuta kumbukumbu za utengenezaji, au gari lenyewe. Baadhi ya magari ya sinema bado yapo: Isotta Fraschini Tipo 8A ya Sunset Boulevard (1950), yenye bodi ya Castagna, imehifadhiwa katika makumbusho ya magari ya Turin, Italia.