"Cheki" si kutazama tu

Mwezi uliopita nililipeleka gari langu, ambalo umri wake hauna haja ya kutajwa hapa, kwa fundi mmoja wa mtaani. Breki zilikuwa zinalia. Jioni nikalikuta limeoshwa, linang'aa. "Mzee, breki nimezicheki, ziko poa," akaniambia. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Asubuhi yake, nikishuka mteremko wa Kimara kuelekea Ubungo, nilikanyaga breki na mguu ukazama hadi chini kama niliyekanyaga uji. Mungu si Athumani. Barabara ilikuwa nyeupe bado, nikavuta breki ya mkono na gari likaenda kulala kwenye mchanga kando ya lami.

Nilipomrudia fundi, hakukana. "Mzee, nilicheki kweli. Nilichungulia pale nyuma ya rimu." Nikamwuliza kama gurudumu alilifungua. Akasema hapana. Tusimlaumu upesi mno. Kwa Kiswahili chetu cha mjini alisema kweli tupu, maana "cheki" kwetu ni kutazama. Cheki gari lile! Cheki saa! Lakini Waingereza tuliowaazima neno hilo wanalitumia kwa mambo mengi, nami nimeona leo tulifuatilie hadi kwao na kupita.

Neno "check" halikuzaliwa Uingereza. Lilitoka Uajemi, na maana yake ni mfalme. Ndiyo, "shah", neno lile lile tulilo nalo sisi kama shaha. Mchezo wa sataranji ulitoka India ukaingia Uajemi, Waarabu wakaupokea huko, nao wakaufikisha Ulaya. Mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alipaswa kutamka "shah!", yaani mfalme, jihadhari. Wafaransa wa zamani wakalitamka kwa namna yao, Waingereza nao kwa namna yao, na shah akawa "check". Hata lile neno la kumaliza mchezo, "checkmate", ni "shah mat". Kwa Waajemi lilimaanisha kuwa mfalme amekwama, hana pa kwenda. Waarabu walisikia humo "mata", amekufa, neno la ukoo mmoja na mauti yetu.

Sasa fikiri. Mfalme akishaambiwa "shah!", mchezo wote husimama. Huwezi kwenda kuteka kitunda kwingine. Lazima kwanza umwokoe mfalme. Ndiyo maana maana ya mwanzo ya "check" nje ya mchezo ilikuwa kuzuia, kusimamisha, kutia hatamu. Maana ya kukagua ilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 17, nayo ilikuwa kukagua kwa kulinganisha, ili hila izuiwe.

Kutoka hapo tukapata na cheki ya benki, ambayo wengine wetu bado tunaiita hundi, neno tulilopewa na wafanyabiashara wa Kihindi. Awali "check" ilikuwa kile kipande cha hati kinachobaki kwa mtoaji, ili hati ikirudi vilinganishwe na mghushi anaswe. Waingereza huiandika "cheque", Wamarekani "check". Na huko Marekani ukiomba "check" mgahawani, huletewi fedha. Unaletewa bili.

Ubao wa sataranji una miraba, na kwa sababu hiyo kitambaa cha miraba nacho kinaitwa cha "check". Kitambaa cha namna hiyo kiliwahi kutawala fedha za nchi nzima. Katika karne ya 12, maofisa waliokusanya kodi za mfalme wa Uingereza majimboni waliitwa mbele ya meza ya urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, iliyotandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Vihesabio vilipangwa juu yake, kila mtu akiona: kilichodaiwa huku, kilicholetwa kule. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry II, aliandika kwamba meza ile ilifanana na sataranji, kwa kuwa wawili walikuwa vitani juu yake: mtunza hazina na mkusanya kodi. Jina la meza likawa jina la ofisi, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa "Chancellor of the Exchequer".

Nasi tunayo meza yetu. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inaweka ofisa ambaye jina lake la Kiswahili limelipita la Kiingereza kwa uwazi: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yote mawili yamo, kudhibiti na kukagua. Anatakiwa kuhakikisha kuwa fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini, na kukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka. Ripoti yake humfikia Rais, kisha huwekwa mezani pa Bunge.

Kila mwaka ripoti hiyo ikitoka, magazeti hujaa, nasi tunaisoma vibarazani na kwenye daladala. Tunatikisa vichwa, tunataja mabilioni, kesho yake tunarudi kwenye mpira. Hapo tumecheki kama fundi wangu alivyocheki: tumechungulia nyuma ya rimu. Mkaguzi akisema "shah!", lazima mchezo usimame mpaka aliyetajwa ajibu. Mbunge wako anapokuja kuomba kura, mwulize ni hoja ipi ya ripoti aliyoifuatilia hadi mwisho.

Fundi yule bado ni fundi wangu. Siku hizi nakaa kwenye kigoda, namwangalia akilifungua gurudumu.