Kuua Bila Kukusudia: Yafaa Kila Mtu Aijue Sheria

Huku Dabaso, kama katika vijiji vingi vya Pwani, mtu akisababisha kifo cha mwenziwe neno lake la kwanza huwa, "Sikukusudia." Wengi hudhani kwamba neno hilo likithibitika, shauri limekwisha. Sivyo. Laweza kumwokoa na hatia ya mauaji, lakini huenda lisimwokoe na kifungo.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, hupambanua mambo matatu. La kwanza ni mauaji, yaani kuua kwa nia mbaya iliyotangulia. La pili ni kuua bila kukusudia: mtu kutenda jambo lisilo halali, au kuacha kutenda lililompasa, na mwenziwe akafa kwa sababu hiyo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. La tatu ni ajali tupu isiyotokana na uzembe wa mtu, nayo haina hatia.

Jambo lisilojulikana sana ni hilo la kuacha kutenda. Aliye na mtoto mdogo au mgonjwa asiyejiweza chini ya ulinzi wake, sheria yamlazimu kumpatia mahitaji ya uhai. Tena aliye na kitu cha hatari mkononi mwake yampasa kukitunza kwa uangalifu. Basi mwenye kuchimba kisima kando ya njia ya watu na kukiacha wazi, asidhani kwamba mtoto wa jirani akitumbukia ni kazi ya Mungu peke yake.

Na wenye vyombo katika hori ya Mida wasikie: kuchukua abiria kwa nauli katika chombo kibovu au kilichojaa kupita kiasi ni kosa hata kama wote wamefika salama. Katika barabara ya Mombasa na Malindi, dereva aliyeua mtu kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10. Na sheria hiyo humshika pia aliyeacha gari lake barabarani katika hali ya kuhatarisha wengine.

Jambo jingine ni hasira. Mtu akichokozwa ghafula, akapiga kabla moyo haujatulia, mahakama yaweza kupunguza mauaji kuwa kuua bila kukusudia. Lakini aliyetukanwa kwenye mnazi, akaenda kwake, akalala, kisha akarudi asubuhi na panga, hana udhuru huo.

Hapa ndipo wengi hupotea katika habari ya uchawi. Katika Kilifi yetu wazee wengi wameuawa kwa sababu ya mvi zao na uvumi wa majirani. Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene wa Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba aliyemfuma mtu usiku uani akitenda yale aliyoamini kwa kweli kuwa ni uchawi, aweza kuwa amechokozwa. Hata hivyo alibaki na hatia ya kuua. Tena kushuku tu, au kuambiwa na mganga, si uchokozi. Anayemwendea mzee kwa shauri lililopangwa amekusudia, na jina la tendo lake ni mauaji.

Tofauti ya makosa haya ilionekana waziwazi baada ya msiba wa Shakahola wa mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mwezi wa Januari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa Mombasa kwa kuua bila kukusudia watu zaidi ya 200. Mwezi wa Februari wakashtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191. Walikana yote.

Mwisho, jamaa wakipatana na kulipana fidia mbele ya wazee, ni jambo jema la kuondoa chuki. Lakini shitaka ni la Serikali. Kwa Katiba ya mwaka 2010, hata Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuliondoa bila idhini ya mahakama. Basi ni heri kufunika kisima leo kuliko kutafuta mbuzi wa fidia kesho.