Usimtume mtoto bia dukani

Mama, mtoto wa miaka 12 akitumwa bia mbili dukani hapa Mnazi Mmoja, wengi tunaona sawa na kutumwa chumvi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haioni hivyo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa pombe, na kumtumia mtoto kuinunua ni kosa pia. Kwa hiyo muuza duka akimrudisha mikono mitupu, usiende kumgombeza.

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini vichupa vidogo vya pombe kali navyo vinaingia mfukoni. Mtoto akinywa, sukari kwenye damu inaweza kushuka sana. Ukimkuta amelegea, haamki vizuri au ana degedege, usimtapishe. Mlaze ubavu, mwahishe kituo cha afya.