Kimvita Darasani: Lahaja na Ufundishaji wa Utamaduni katika Mji wa Kale, Mombasa

Ufundishaji wa utamaduni wa Kiafrika shuleni aghalabu huanzia vitabuni, ilhali utamaduni wenyewe umeketi darasani. Chukua mfano wa mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Akiandika 'ndia', 'nti' au 'mtele', husahihishwa: 'njia', 'nchi', 'mchele'. Jambo hili lina historia. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikawekwa kando kwao.

Usanifishaji una manufaa yake, na mtihani hauna budi kuwa na kipimo kimoja. Hata hivyo, lahaja si kosa. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa katika karne ya 19, alitunga kwa Kimvita kuhusu mapenzi, dhiki na mvutano wa Mazrui na Busaidi. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa 'ndia' ni kosa atamsomaje Muyaka? Ataishia kuhesabu mizani tu.

Tunapendekeza mwalimu achore safu mbili ubaoni, moja ya Kimvita na nyingine ya Kiswahili sanifu, kisha wanafunzi wenyewe wagundue kanuni: penye 'nj' huja 'nd', penye 'ch' huja 't'. Baadaye wausome ubeti mmoja wa Muyaka. Kwa njia hiyo mtoto ataimudu lugha ya mtihani bila kuionea haya lugha ya nyanyake.