Chembe za usaha kwenye mkojo: kweli au si kweli?

Majibu ya maabara yakirudi yameandikwa "pus cells", wengi hukimbilia duka la dawa kununua dozi. Maneno hayo yana maana kwamba chembe nyeupe za damu zimeonekana kwenye mkojo. Zikizidi kiwango, madaktari huita hali hiyo piuria. Chembe nyeupe ni askari wa mwili, na wakijazana mahali pana jambo. Ni jambo gani? Hilo ndilo la kujua kabla ya kumeza kidonge.

"Mkojo wa mtu mzima wa afya hauna chembe nyeupe hata moja."
SI KWELI. Chache ni kawaida. Kwa kawaida piuria hutajwa zikifika 10 au zaidi katika mikrolita moja ya mkojo.

"Ukiwa na chembe za usaha, basi una UTI."
SI KWELI. Maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) huongoza, lakini hayako peke yake. Kisonono, klamidia, mawe ya figo na mpira wa mkojo huleta chembe hizohizo. Kichocho nacho kimo, na watu wa Unguja na Pemba wanakijua. Kinachohuzunisha zaidi ni kifua kikuu cha figo: chembe nyeupe hujaa, lakini mkojo ukioteshwa kwa njia ya kawaida haumei kitu, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu huhitaji kipimo chao maalumu. Mgonjwa anaweza kumaliza dozi baada ya dozi za UTI huku figo ikizidi kuharibika. Chembe zikirudi kila mara na dawa hazisaidii, omba uchunguzi upanuliwe.

"Kipimo cha kijiti kinamaliza ubishi."
SI KWELI. Kijiti hakihesabu chembe. Hugundua kimeng'enya kinachotoka ndani ya chembe nyeupe. Sehemu nyingine ya kijiti hupima naitraiti, inayotengenezwa na baadhi ya bakteria, kama E. coli, mkojo ukikaa kibofuni kwa saa kadhaa. Wapo bakteria wasioitengeneza kabisa. Kwa hiyo naitraiti isipoonekana, nawe unaungua unapokojoa, usijihesabu mzima. Kuotesha mkojo huchukua siku moja, mbili au zaidi, lakini humtaja bakteria na dawa inayomweza.

"Namna ya kuchukua mkojo inaweza kubadili majibu."
KWELI. Ute wa ukeni una chembe nyeupe, na ukiingia kwenye kikopo hupotosha majibu. Jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kisha kinga ule wa katikati kwa kikopo safi cha maabara. Ufikishe mapema: ukikaa kwenye joto, bakteria huongezeka na chembe nyeupe huvunjika.

"Hata bila dalili, lazima umeze antibaiotiki."
SI KWELI kwa watu wengi. Wazee na wenye mpira wa mkojo mara nyingi huwa na chembe nyeupe na bakteria bila kuumwa. Kuwapa dawa hakuwafaidii, na hufundisha bakteria usugu, hadi siku dawa inapohitajika kweli haifanyi kazi. Mjamzito ni tofauti: bakteria wakithibitishwa kwenye mkojo wake, hutibiwa hata kama hasikii maumivu, kwa sababu wanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuhatarisha ujauzito. Mama mjamzito asikose kupima mkojo kliniki.

"Homa pamoja na maumivu ya ubavu si ya kusubiri."
KWELI. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu au mgongo huashiria kwamba figo zimeguswa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukikabidhiwa majibu yenye chembe za usaha, muulize daktari mambo matatu. Je, dalili zangu zinalingana na majibu haya? Je, mkojo ulichukuliwa inavyotakiwa? Je, kuna haja ya kuuotesha kabla sijaanza dawa? Kuuliza ni haki yako, na daktari mwema hachoki kujibu. Dozi ya kubahatisha humaliza fedha na kuacha ugonjwa ukiendelea.