Barua Zinazosubiri Umeme Kalemie

Umeme wa Kalemie hutoka kituo cha Bendera, kaskazini mwa mji, na ukikatika hausemi utarudi lini. Tuchukue ofisi ya watu 20 karibu na pale mto Lukuga unapoliaga ziwa Tanganyika. Inataka anwani zake yenyewe za barua pepe, zenye kuishia na .cd, na seva yake ndani ya jengo. Swali la kwanza mezani huwa bei: tununue programu ya leseni kama Exchange ya Microsoft, au tuchukue programu huria isiyolipiwa, kama Postfix? Hapa kwetu, swali la kwanza lingefaa kuwa umeme.

Wengi hudhani seva ikizimika, barua zinazoijia hupotea. Sivyo. Kanuni za SMTP, ambazo Jon Postel aliziandika mwaka 1982 na wengine wakaziboresha, ndizo lugha ya seva zote, za kulipia na za huria. Seva ya mtumaji ikibisha hodi isiitikiwe, huiweka barua kwenye foleni na kurudi kubisha tena. Postfix, isipobadilishwa mipangilio, huvumilia siku 5; Exchange huvumilia siku 2, kisha humrudishia mtumaji barua yake. Kwa hiyo giza likidumu siku 3, barua zako zitaokolewa na subira ya seva ya mwenzako, si na programu uliyoichagua wewe.

Kinachokuhusu wewe ni betri. Kwa seva ya Exchange 2019, Microsoft ilipendekeza kumbukumbu ya GB 128 au zaidi. Mashine ya namna hiyo haikai muda mrefu kwenye betri za sola. Postfix ikishirikiana na Dovecot, inayotunza masanduku ya barua, hutosheka na kompyuta ndogo ya GB 2 kwa watu 20. Exchange, kwa upande wake, huja na kalenda na orodha ya anwani vikiwa tayari. Kwenye huria utaviunganisha mwenyewe.

Na je, ubora? Januari 1, 2022, seva nyingi za Exchange duniani ziliacha kupeleka barua. Kichujio chake cha virusi kiliandika tarehe kama namba moja: mwaka 22, mwezi 01, siku 01, kisha 0001, yaani 2201010001. Nafasi iliyotengewa namba hiyo, ya biti 32, haipiti 2147483647. Mwaka wote wa 2021 namba zilianza na 21, zikaenea. Ilipoingia 22, zikafurika. Wasimamizi hawakuweza kufungua msimbo na kuurekebisha. Walizima kichujio, wakangoja Microsoft.

Huria nayo ina yake. Mwaka 2019 uligunduliwa ufa katika Exim, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliowawezesha wavamizi kuendesha amri zao kwenye seva za watu. Dawa ilikuwapo, ya bure. Walioumia ni wale ambao hawakuwa na mtu wa kuipakia.

Mtu huyo ndiye gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara ya programu yoyote. Kwenye Postfix, akiandika amri ya mailq ataona foleni nzima: ukubwa wa kila barua, saa iliyoingia, nani katuma, nani anapelekewa, na sababu ya kukwama. Anayeweza kusoma mistari hiyo hahitaji kumpigia mtu Kinshasa. Asiyeweza, heri alipie huduma yenye fundi wa kumwitikia, mradi jina la .cd liandikishwe kwa jina la ofisi, ili akihama ahame na anwani zake.

Basi kabla ya kununua wala kupakua, wekeni seva ya majaribio, mchomoe waya Ijumaa jioni. Jumatatu tazameni ni nani kati yenu anayeikaribia bila woga.